Shamba la Marehemu Baba Mbele ya Mahakama ya Rufani

Ndugu na majirani wanaofahamu kwamba nilisimamia mirathi ya marehemu baba yangu, na kwamba shauri la shamba lake lilifika Mahakama ya Rufani ya Tanzania, huniuliza swali lile lile: majaji walisemaje kuhusu ushahidi wetu? Jibu langu huwashangaza, kwa sababu majaji hawakusema lolote kuhusu ushahidi wetu. Hawakusema shamba ni la warithi wa baba, wala hawakusema ni la mnunuzi. Walifuta mwenendo wote, yaani kumbukumbu za usikilizaji, wa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, wakafuta hukumu yake, wakafuta na hukumu ya Mahakama Kuu iliyotokana nayo, kisha wakaamuru shauri lisikilizwe upya. Naandika haya kwa ajili ya wasimamizi wa mirathi wenzangu, na kwa yeyote mwenye mgogoro wa ardhi ambaye leo anasema, "Tutakutana Mahakama ya Rufani," huku bado hajamaliza hata kutoa ushahidi barazani.

Mgogoro wenyewe ni wa aina inayofahamika katika vijiji vingi. Baba alifariki mwaka 2010 akiacha shamba la migomba na kahawa katika Nyanda za Juu Kusini, na mwaka uliofuata baba mdogo, aliyekuwa amebaki akiliangalia, aliuza upande wa bondeni kwa mfanyabiashara wa mjini akidai kwamba upande ule aligawiwa yeye na babu. Kikao cha ukoo kilinipendekeza, Mahakama ya Mwanzo ikaniteua kuwa msimamizi, na mwaka 2013 nikafungua maombi barazani dhidi ya baba mdogo na mnunuzi. Mwaka 2015 baraza lilitupa ushindi. Mwaka 2017 Mahakama Kuu iliutengua, ikisema hatukuthibitisha kwa kiwango kinachotakiwa kwamba sehemu iliyouzwa ilikuwa ya baba na si ya baba mdogo. Njia iliyobaki ilikuwa moja.

Mahakama ya Rufani imeanzishwa na ibara ya 117 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano, na ilianza kazi mwaka 1979, baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977 pamoja na mahakama ya rufani iliyokuwa ikihudumia nchi zake kwa pamoja. Hakuna mahakama ya ndani ya nchi iliyo juu yake, na uamuzi wake huzifunga mahakama na mabaraza yote yaliyo chini. Kwa kawaida majaji watatu huketi pamoja, na vikao havifanyiki Dar es Salaam pekee bali huzunguka katika miji kama Arusha, Mwanza, Tabora na Mbeya, jambo ambalo kwa familia ya mkulima lina thamani kubwa kuliko wanavyofikiri watu wa mjini. Ni mahakama hiyo hiyo ambayo mwaka 2019, katika rufaa ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali dhidi ya Rebeca Gyumi, iliukubali uamuzi wa Mahakama Kuu kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa vilivyoruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, au 14 kwa idhini ya mahakama, vilikuwa kinyume cha Katiba. Nilipata faraja ya kweli kufahamu kwamba rufaa ya namna hiyo na rufaa ya shamba letu la bondeni hupita katika masjala ya mahakama moja na kusomwa kwa kanuni zile zile.

Kanuni hizo ndizo zilizonifundisha mengi zaidi. Mimi ni mwalimu wa sekondari, si mwanasheria, lakini wakili wetu alikuwa mtu wa kueleza, na tangu siku ya kwanza aliniambia, "Mwalimu, huko tunakokwenda hakuna shahidi atakayepanda kizimbani. Majaji watasoma karatasi tu. Kama jambo halimo ndani ya karatasi, basi kwao halikutokea." Nilidhani anazungumzia ushahidi wa mipaka. Kumbe maneno yale yalikuwa mapana kuliko hayo.

Hatua ya kwanza ilikuwa notisi ya kukata rufaa, ambayo kwa Kanuni za Mahakama ya Rufani za mwaka 2009 hutakiwa kuwasilishwa ndani ya siku 30 tangu uamuzi unaolalamikiwa ulipotolewa, na nakala yake kumfikia upande wa pili ndani ya siku 14 baada ya kuwasilishwa. Sambamba na notisi huandikwa barua ya kumwomba Msajili nakala za mwenendo, hukumu na tuzo, yaani amri rasmi inayotokana na hukumu. Barua hiyo ni karatasi moja yenye aya mbili, na mtu asiyefahamu anaweza kuiona kama utaratibu wa ofisi usio na uzito. Nataka niieleze kwa kirefu kidogo, kwa sababu nimeshuhudia familia nyingine ikipoteza rufaa kwa ajili yake. Rufaa yenyewe hutakiwa kufunguliwa ndani ya siku 60 tangu notisi iwasilishwe, na ni nadra sana nakala za mwenendo kuwa tayari ndani ya muda huo. Kanuni ya 90 huruhusu siku zilizotumika kuandaa nyaraka zisihesabiwe, lakini kwa masharti: barua ya kuziomba iwe ya maandishi, iwe imewasilishwa ndani ya siku 30 za uamuzi, na nakala yake iwe imemfikia mjibu rufaa. Ukiandika barua vizuri na kuiwasilisha mapema lakini usimpelekee mwenzako nakala, siku zote zile zinakuhesabia, na rufaa yako inakuwa nje ya muda kabla jaji yeyote hajaifungua.

Wakili wetu alinituma mimi mwenyewe nifuatane na karani wake kupeleka nakala kwa wakili wa mnunuzi, na hakuridhika mpaka alipoiona nakala yetu ikiwa na muhuri, saini, tarehe na saa ya kupokelewa. Aliitoa kivuli, akaiweka moja kwenye jalada lake na nyingine akanikabidhi. Nyaraka zilipokuwa tayari, Msajili alitoa cheti kinachothibitisha siku zilizotumika kuziandaa, ambacho mawakili hukiita cheti cha ucheleweshaji. Tulikaa mezani tukilinganisha kila tarehe iliyo ndani yake na muhuri ulio kwenye barua yetu, kwa sababu cheti chenye tarehe isiyolingana na barua kinaweza kubatilika, na kikibatilika rufaa inabaki bila kinga ya muda. Tangu mwaka 2019 kanuni zimeongeza kwamba Msajili ahakikishe nakala zinakuwa tayari ndani ya siku 90, na kama mwombaji hajaarifiwa, anatakiwa aende kuzifuatilia ndani ya siku 14 baada ya hizo 90 kwisha. Asiyefuatilia hawezi tena kusema alikuwa akisubiri kuitwa.

Wakati ule tulihitaji pia kibali cha kukata rufaa, kwa kuwa kifungu cha 47 cha Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi hakikuruhusu kwenda Mahakama ya Rufani bila kibali. Tulikipata mwaka 2018. Sharti hilo liliondolewa kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2023, na naona ni marekebisho mazuri, maana familia nyingi zilikuwa zikitumia mwaka mzima na fedha za wakili kugombania ruhusa ya kuingia mlangoni. Kwa mashauri yaliyoanzia Baraza la Kata utaratibu ulikuwa mgumu zaidi, kwani Mahakama Kuu ilitakiwa kuthibitisha kwanza kwamba kuna hoja ya kisheria inayostahili kuamuliwa.

Katikati ya hayo mnunuzi aliomba kutekeleza hukumu ya Mahakama Kuu, tukapelekewa taarifa ya utekelezaji. Kufungua rufaa peke yake hakuzuii utekelezaji. Maombi ya zuio hutakiwa kupelekwa ndani ya siku 14 tangu taarifa hiyo ikufikie, na mwombaji lazima aonyeshe hasara kubwa atakayopata na atoe dhamana. Tuliwahi, na zuio likatolewa.

Kisha yakaja mabuku ya kumbukumbu za rufaa. Wakili alinipa nakala niipitie kabla haijawasilishwa, akisema kwamba nilikuwepo barazani siku zote na ningeweza kutambua kama kuna kielelezo au ukurasa uliokosekana. Nililipitia buku lile usiku baada ya kusahihisha madaftari ya wanafunzi. Ushahidi wa mzee jirani, aliyepanda miti ya mpaka pamoja na baba, ulikuwa umeandikwa katika kurasa chache tu, ingawa alizungumza asubuhi nzima na baraza likahamia shambani akaonyesha mti mmoja baada ya mwingine. Kila alichokigusa kwa mkono kilikuwa kimegeuka sentensi. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini wakili wetu alikuwa akimkatiza shahidi barazani na kumwomba mwenyekiti aandike hasa alichosema. Nilikuwa nikimwona anachelewesha shauri, kumbe alikuwa akiandaa buku hili.

Kikao cha Mbeya kiliitwa mwaka 2021. Ukumbi ulikuwa kimya kuliko baraza lolote nililowahi kuingia. Majaji watatu walikuwa na mabuku yetu mbele yao yakiwa yamewekwa alama za karatasi za rangi, na ilionekana wazi kwamba walikuwa wamekwisha kuyasoma. Wakili wetu alikuwa ameandaa hoja nne za rufaa, zote zikihusu namna Mahakama Kuu ilivyopima ushahidi. Kabla hajaanza ya kwanza, jaji aliyeongoza jopo aliwauliza mawakili wote wawili swali moja, ambalo naliandika kadiri ninavyolikumbuka: je, mnaweza kutuonyesha ukurasa ambapo maoni ya wazee wa baraza yalisomwa mbele ya wadaawa, yaani pande za shauri, kabla ya hukumu?

Mawakili wote wawili walifungua mabuku. Nami nilifungua langu, kwa kuwa nilijua wazee wale wawili walikuwepo, niliwaona wameketi kulia na kushoto kwa mwenyekiti, mmoja akiuliza maswali mazuri kuhusu mifereji. Ukurasa wa mwisho wa mwenendo ulisema tu kwamba ushahidi umefungwa na hukumu itasomwa tarehe fulani. Ukurasa uliofuata ulikuwa hukumu, na ndani yake mwenyekiti alisema kwamba wazee wameafikiana naye. Maoni yenyewe hayakuwepo popote, wala hapakuwa na siku iliyotengwa ili yasomwe.

Kifungu cha 23 cha Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi kilitaka baraza liundwe na mwenyekiti pamoja na wazee wasiopungua wawili, nao watoe maoni yao kabla mwenyekiti hajafikia hukumu. Kanuni ya 19 ya Kanuni za mabaraza hayo za mwaka 2003 ilitaka maoni hayo yawe ya maandishi, na ikaruhusu mzee ayaandike kwa Kiswahili. Mahakama ya Rufani ilikuwa imekwisha kueleza mara kadhaa, ikiwamo katika uamuzi wake wa mwaka 2018 uliotolewa Mbeya katika rufaa ambayo Halmashauri ya Jiji la Mbeya ilikuwa upande mmoja, kwamba maoni lazima yatolewe mbele ya wadaawa ili wajue wazee wamesema nini, na kwamba mwenyekiti kuyataja ndani ya hukumu hakutoshi. Wakili wa mnunuzi alijaribu kusema kwamba kasoro hiyo haikumdhuru mtu, na kwamba tangu marekebisho ya mwaka 2018 mahakama inatakiwa kutazama haki ya msingi kuliko ufundi wa taratibu. Wakili wetu, kwa uaminifu ambao sitausahau, alikiri kwamba maoni hayamo. Majaji walieleza kwamba kasoro ile iligusa uhalali wa baraza lenyewe, na kwamba kanuni ya kutazama haki ya msingi haiwezi kuhalalisha hukumu iliyotolewa na baraza ambalo halikukamilika kisheria. Walitumia mamlaka yao ya masahihisho, yaani ya kurekebisha makosa ya ngazi za chini, wakafuta kila kitu, wakaamuru shauri lisikilizwe upya mbele ya mwenyekiti mwingine na wazee wengine. Kwa kuwa hoja iliibuliwa na Mahakama yenyewe, kila upande ulibeba gharama zake.

Tulipotoka nje, baba mdogo, ambaye tangu shauri lianze alikuwa akinipita njiani bila salamu, alisimama karibu nami akasema, "Mwanangu, miaka yote hii imekwenda wapi?" Sikuwa na la kumjibu. Kati yetu sote waliokuwepo pale, hakuna aliyekuwa na wajibu wa kuyaita maoni ya wazee yasomwe. Wajibu ule ulikuwa wa baraza, na gharama ya kutoutekeleza tuliilipa sisi: warithi, mnunuzi aliyekuwa ameweka fedha zake, na hata baba mdogo.

Nimelifikiria jambo hili kwa muda mrefu, na msimamo wangu ni kwamba majaji walikuwa sahihi. Wazee wa baraza wamewekwa ili mgogoro wa ardhi usiamuliwe na mtu mmoja, hasa mtu aliyetoka mbali na asiyefahamu namna ardhi ya eneo lile inavyogawiwa. Sheria haikumfunga mwenyekiti afuate maoni yao, lakini ilimtaka aseme sababu anapotofautiana nao. Ikiwa maoni hayasomwi, mdaawa hawezi kujua kama mwenyekiti ametofautiana na mtu yeyote. Kinachoniuma ni kwamba uamuzi ulio sahihi kisheria ulikuja baada ya miaka minane, na kasoro iliyofuta miaka hiyo ingeweza kuzuiwa kwa nusu saa ya kazi barazani. Mahakama Kuu ilipitia mwenendo ule ule na haikuigusa kasoro hiyo. Ningependa kuona majalada yakikaguliwa kwa masharti ya msingi kabla hayajaondoka barazani, kwa sababu mwananchi anayelipa nauli na wakili hana namna ya kulikagua baraza.

Mzee jirani aliyepanda miti ya mpaka alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla ya kikao cha Mbeya. Ushahidi wake ulikuwa ndani ya mwenendo uliofutwa, kwa hiyo haukuwa tena ushahidi. Ilibidi nitafute wengine. Shangazi alikubali kutoa ushahidi ingawa miguu ilikuwa imemchoka, na binti wa yule mzee alieleza aliyoyaona akiwa msichana aliyewapelekea uji wakipanda. Safari hii nilijua cha kufanya. Kila shahidi alipomaliza nilimwomba wakili wetu ahakikishe maneno yake yamesomwa na kusahihishwa. Tulipohamia shambani, tuliomba mchoro wa eneo uandaliwe, kila mti upewe namba, na mchoro uingizwe kama kielelezo. Sheria ilikuwa imebadilika mwaka 2021 na Kiswahili kuwa lugha ya mahakama na mabaraza, hivyo shangazi aliposomewa maelezo yake aliyaelewa mwenyewe, akamwomba mwenyekiti arekebishe jina la mfereji mmoja.

Ushahidi ulipofungwa, wakili wetu alisimama akaomba rasmi siku ya kusomwa maoni ya wazee ipangwe, na ombi hilo likaandikwa. Siku hiyo ilikuja. Mzee wa kwanza, mwanamume mtu mzima aliyewahi kuwa mtendaji wa kijiji, alisoma karatasi yake taratibu akisema kwamba kwa maoni yake baba mdogo aligawiwa upande wa bondeni na mauzo ni halali. Moyo wangu ulishtuka, lakini niliketi nikasikiliza sababu zake, na zilikuwa sababu za mtu aliyefuatilia. Mzee wa pili, mwanamama, alisema miti iliyopandwa kwa mkono wa marehemu ilizunguka shamba zima pamoja na bonde, na kwamba mtu hapandi mpaka wa mwenzake. Karatasi zote mbili ziliwekwa saini na kuingizwa katika jalada. Hukumu ya mwaka 2023 ilikubaliana na mzee wa pili, na mwenyekiti akatumia karibu ukurasa mzima kueleza kwa nini hakukubaliana na wa kwanza.

Mnunuzi alikata rufaa Mahakama Kuu ndani ya siku 45 zinazoruhusiwa. Jaji alitoa hukumu mwaka 2024. Alianza kwa kutaja kurasa ambamo maoni ya wazee yalisomwa, akaridhika, kisha akaingia katika mchoro na namba za miti, akajadili kwa nini maelezo ya binti wa jirani yalikuwa na uzito kuliko ya mashahidi wa mauzo. Kukubaliana naye au kutokukubaliana ni jambo jingine. Kilichonigusa ni kwamba kwa mara ya kwanza tangu mwaka 2013 mtu aliye juu ya baraza alikuwa akizungumza juu ya shamba lenyewe, tena kwa majina ya mifereji. Rufaa ilitupwa. Siku 30 za kuwasilisha notisi ya kwenda Mahakama ya Rufani zilipita, wakili wetu akaenda masjala kuthibitisha kwamba hakuna iliyopokelewa, nami nikaomba Mahakama ya Mwanzo iniongezee muda wa kuwasilisha orodha ya mali na hesabu ya mgawanyo, ili bonde liandikwe kwa majina ya warithi pamoja na shamba lote.